Kwenye Boti Hakuna Ng'ombe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepata akili! Imenijia nikiwa na mtungi wa gesi begani, kwenye ngazi za mteja mmoja wa mtaa wa Milimani. Nikasimama pale pale nikacheka peke yangu. Mteja akafungua mlango, akaniona, akaufunga tena.

Tatizo langu ni hili. Nataka kumuoa Cheruto. Cheruto mwenyewe hana neno, ila ameniwekea sharti moja: niongee na baba yake, Mzee Kiprugut wa Molo, mimi mwenyewe, kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo watu wa Kipyegon wanakwenda kwa mzee kumposa. Kipyegon ni jirani yao huko Molo, kijana mwenye lori la viazi. Mwembamba kama bua la mahindi. Sijui watu wanaona nini kwake. Lori, labda.

Sasa, kuongea na Mzee Kiprugut si mchezo. Nimejaribu mara mbili. Nilianza kwa mbali, kama mtu mwenye adabu: ubaya wa kuni, moshi unavyoumiza macho ya akina mama, raha ya kupika kwa gesi. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu nifike kwenye neno lenyewe. Mzee akachukua fimbo, akasema ngoja aone ng'ombe, akaenda. Hakurudi! Nilikaa na kikombe mpaka chai ikaota ngozi. Mara ya pili nilimfuata hadi zizini, nikateleza. Ile suruali sijaivaa tena.

Lakini leo! Sue, mteja wangu wa gesi, ameanzisha safari za boti pale Ziwa Naivasha. Watu wachache tu, jua likizama, chakula cha kuonja, mvinyo wa kuonja. Jumamosi anataka watu wa kupigwa picha za matangazo. Bure kabisa, mradi wakae vizuri na watabasamu. Nikamwambia nina watu.

Kwenye boti hakuna ng'ombe. Mzee ataenda wapi?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimeanza kupungua mbele, lakini zilizobaki zinafanya kazi.


Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia mzee simu. Ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nilipotaja mvinyo akaanza kuniaga. Nikaona mambo yanaharibika. Nikamwambia haraka kwamba huu si wa kumeza. Unaweka mdomoni, unazungusha, unatema.

Akauliza kama unatemwa mbele za watu. Nikasema ndiyo, ndio utaratibu. Akauliza kama vijana watakuwepo. Nikasema tutakuwepo, mimi na Cheruto. Niliyaweka majina pamoja makusudi! Akauliza kama vijana wataketi chini. Nikasema mzee, ni boti, lazima waketi. Akauliza kama anaweza kuja na maziwa yake mwenyewe, kwa sababu yeye kinywa chake hakiguswi na pombe. Nikasema lete, mzee, lete chochote.

Akashukuru sana. Akasema hakujua kwamba watu wa mjini bado wanafanya mambo haya.

Mambo gani? Sikuelewa. Lakini amekubali! Na amekubali kwa sauti nzito, kama mtu aliyepewa kazi.

Dosari moja. Mzee hashuki kutoka Molo ila kwa lori la Kipyegon. Na anasema haiwezekani kijana amlete mpaka ziwani halafu aachwe barabarani kama mbwa. Kwa hiyo Kipyegon anakuja botini.

Si kitu. Nitamgeuza Kipyegon kuwa faida. Sitamwambia habari ya kutema. Atameza kila glasi, ataanza kuimba, na mzee atajionea.


Alhamisi, 11 Septemba

Mazoezi. Nimetazama video za watu wanaoonja mvinyo. Wanatema kama bomba, mstari mmoja, bila kujilowesha kidevu. Mtu anayetaka kuonekana ameendelea lazima aweze hilo.

Mvinyo sina. Nikasaga bitiruti, nikachuja, nikapata rangi yenyewe. Nikaketi uani na karai jeupe. Unavuta, unazungusha, unatema. Mara ya kwanza nililowesha shati. Baadaye nikaanza kupata shabaha.

Jirani yangu Shiko alitoka kuanika nguo. Akaangalia karai. Akaniangalia mimi, mdomo mwekundu, macho yametoka machozi kwa sababu bitiruti ilipita puani. Akaweka nguo zake chini polepole. Nikamwambia usijali, najiandaa tu. Akarudi ndani akafunga mlango na komeo.


Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi wamekuja akina mama wanne wa maombi. Shiko ndiye aliyewaleta. Waliniwekea mikono kichwani wakakemea roho ya kifua kikuu. Nilijaribu kueleza habari ya boti, mvinyo na machweo. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba sasa homa imepanda kichwani.

Jioni akaja Cheruto. Anafanya kazi katika zahanati moja hapa mtaani kwetu, Free Area, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba natema damu. Alikuja na kile kikopo cha kuwekea makohozi. Nikamwonyesha bitiruti. Akaketi kwenye mtungi mtupu, akashika kichwa.

Akaniuliza kwa nini nisipande tu Molo nikamwambie baba yake. Neno moja. Nikamweleza kuhusu mbinu, kuhusu ng'ombe, kuhusu jinsi boti inavyomzuia mtu kuondoka. Akaniangalia kama mtoto aliyeingiza harage puani. Kisha akasema, "Maxwel, mimi nakupenda, lakini kuna siku nachoka." Nilisikia la kwanza tu. Nimefurahi!

Nimechora mpangilio wa viti. Mimi na Cheruto bega kwa bega, mzee mbele yetu, Kipyegon kule nyuma karibu na sinia za samaki.


Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa sijaelewa. Nitaandika kwa mpangilio, labda nitaelewa njiani.

Tulikwenda kwa lori la Kipyegon. Mzee na Cheruto mbele, mimi nyuma juu ya magunia ya viazi. Nilifika Naivasha na udongo mpaka kwenye nyusi. Mzee alikuwa amevaa koti lake la harusi na kofia, na amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mkaa. Akaniambia amefunga tangu asubuhi, kama inavyotakiwa. Inavyotakiwa na nani? Nikajibu vizuri sana, mzee.

Botini kulikuwa na sisi, na bwana mmoja na mkewe kutoka Milimani, na Sue na simu yake ya picha. Nahodha anaitwa Owuor. Alitutazama mmoja mmoja kama anayenunua mbuzi, kisha akaanza kutupanga. Kwa uzito! Nikamwonyesha mchoro wangu. Akasema, "Boss, boti haijui kusoma." Akaniweka mbele kabisa, kwenye pua ya boti, peke yangu, ati ili injini ya nyuma isiinue mbele. Miaka ya kubeba mitungi imenijenga, sikatai. Lakini pale pembeni ya Cheruto, kwenye nafasi yangu, akakalishwa Kipyegon, kwa sababu Kipyegon haongezi chochote mahali popote. Mzee akawa mbele yao, ana kwa ana.

Nikataka kulalamika. Kiboko akapumua karibu, pfuu! Nikakaa.

Chakula kilianzia nyuma. Jibini, zeituni, samaki wa moshi, kamba wa ziwani. Kila sinia lilipofika kwangu lilikuwa na vijiti vya meno. Nilikula jani moja gumu lenye harufu ya sabuni. Baadaye nikaambiwa ni pambo. Mzee alinusa jibini, akasema kwa upole kwamba ni maziwa yaliyokosa mtu wa kuyaangalia.

Kisha mvinyo. Mtaalamu ni Joash, kijana mwenye fulana nyeupe na maneno mengi. Alisema glasi ya kwanza ina harufu ya ngozi, tumbaku na mvua. Mimi nilinusa mvinyo. Mzee akamkaribisha aonje mursik. Joash akafumba macho muda mrefu, akasema anasikia mkaa, moshi, na ukali wenye heshima. Mzee akamwambia anasikia vizuri.

Kipyegon akapewa glasi. Nikanyoosha shingo nione. Akairudisha kwa mikono miwili! Akasema asante, lakini amebeba mzazi wa watu na atashika usukani. Mke wa yule bwana wa Milimani akasema kijana gani huyu. Mbinu yangu ikafa hapo, hata kabla jua halijagusa milima ya Mau.

Joash akaonyesha jinsi ya kutema. Watu wa Milimani wakatema ndooni. Mimi nikatema majini, mstari mmoja safi, kama bomba. Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanamtazama mzee.

Mzee alikuwa amesimama. Amevua kofia. Amefungua kibuyu. Akasema maneno mengi kwa lugha yao, polepole, akitazama jua, akitazama maji, akiwatazama Cheruto na Kipyegon. Akapiga funda la mursik. Halafu, fsss! Akawapulizia wote wawili. Vichwani. Vifuani. Akarudia, fsss! Sue akapiga picha. Yule bwana wa Milimani akapiga makofi.

Nikafikiri, maskini, mzee hajaelewa jinsi ya kuonja. Halafu nikamwona Kipyegon. Ameinamisha kichwa, mikono magotini, ametulia kama mtu aliye kanisani. Na Cheruto macho yamemtoka, ananitazama mimi, anatikisa kichwa polepole.

Kuna kitu kilikuwa kinaendelea na mimi sikuwa ndani yake! Nikainuka kwenda kukaa katikati yao. Mdomo ulikuwa umejaa mvinyo, glasi ya tatu, ile ya matunda meusi. Boti ikainama. Owuor akapaza sauti, "Mzito! Kaa chini!" Nikakanyaga sinia la kamba. Nikateleza mpaka kwa mzee. Na mvinyo wote, wote, ukatoka. Fsss! Kwenye upara wa Mzee Kiprugut.

Sue akashusha simu. Hata kiboko akazama.

Mzee akajifuta na kiganja. Akatazama kiganja. Akamuuliza Cheruto mimi nina umri gani. Cheruto alikuwa amejiziba uso. Basi mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa boti. Kisha akanishika mkono, akaniita mzee mwenzangu!

Akasema nihamishwe nikae upande wake. Owuor akasonga watu wengine wote ili tusizame. Nikapewa samaki wa kwanza, kabla ya yeyote. Njia nzima ya kurudi, mzee mwenzangu hivi, mzee mwenzangu vile. Lile neno langu sikulisema, maana mdomo ulikuwa na samaki.

Lakini si nimeshinda? Nadhani nimeshinda.


Jumapili, 14 Septemba

Nimeshinda! Nimelala juu ya jambo hili na nimeamka na uhakika. Mzee hamwiti kijana yeyote mwenzake. Hilo ni neno la mkwe.

Nimepimwa suti. Nimemtangazia Shiko. Akauliza kama kifua kimepona.

Kipyegon amenipigia simu, kwa heshima ya ajabu. Akaniita mzee. Akasema watu wake wakija Jumamosi wangependa nami niwepo, nikae upande wa wenyeji, pamoja na wazee. Maskini! Amekubali kushindwa, na bado ana adabu. Nikamwambia nitakuja, kijana wangu.

Cheruto hapokei simu. Furaha imemkaba.


Jumanne, 16 Septemba

Si furaha.

Cheruto alikuja dukani kwangu mchana akiwa bado na sare ya kazi. Akasimama kati ya mitungi. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa dawa.

Kwanza. Kwao mzee akipulizia vijana maziwa, anawabariki. Mimi ndiye niliyempigia baba yake simu nikamwambia kuna shughuli ya kutema mbele za watu, vijana wakiwa wameketi. Baba akafunga, akavaa koti la harusi, akaja kubariki. Akawabariki walioketi mbele yake. Nikasema hiyo ni kazi ya Owuor. Akasema Owuor hakumpigia baba yake simu.

Pili. Kijana hampulizii mzee. Anayempulizia mzee ni mzee wa rika lake, basi. Kwa hiyo baba yake sasa ananihesabu rika lake. Na binti wa mtu wa rika lako ni binti yako. Huwezi kumuoa.

"Sasa wewe ni baba yangu," akasema. Akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoendelea kutoka nikaona si ya kucheka.

Nami nililia kidogo, nikiwa nimegeukia mitungi. Nampenda Cheruto. Sijui kwa nini jambo dogo hivi likipita mkononi mwangu linatoka limepinda.

Halafu akajifuta uso. Akasema amepanda Molo mwenyewe jana. Alimwambia baba yake wazi kwamba yeye hamtaki Kipyegon. Mzee akasema baraka ni baraka, si pete. Hao watoto wawili kila mmoja aende nayo kwake. Habari ya rika, alisema nusu ni mzaha, na nusu ya pili anangoja kuona. Ila akamuuliza, huyu mtu wa gesi anataka nini hasa? Cheruto akamwambia, "Anataka kunioa."

Mzee akashangaa! Alidhani namuuzia gesi. Mara zote mbili! Ndiyo maana alikuwa anaondoka. Ana kuni za kutosha, akasema, na hakutaka kumkatalia usoni mgeni aliyetoka mbali.

Kwa hiyo bado kuna mlango. Jumamosi, mapema, kabla watu wa Kipyegon, ambao bado wanakuja kuuliza, hawajafika, niende kwa mzee kwa miguu yangu, na mdomo mtupu, niseme sentensi moja. Nikifanya hivyo mzee atanirudishia ujana. Nisipofanya, yeye Cheruto hatamtaka Kipyegon wala mimi. Ameomba uhamisho, kituo kiko mbali, na barua ya kukubaliwa imekwisha kufika.

Mdomo mtupu, akarudia mlangoni. Sentensi moja. Nikaapa kwa jina la mama yangu.


Ijumaa, 19 Septemba

Nimeifanyia mazoezi sentensi. Mzee, naomba kumuoa binti yako Cheruto. Rahisi! Nimeisema mbele ya kioo, nimeisema dukani. Shiko alinisikia ukutani akapiga kelele kwamba amekubali kwa niaba ya mzee, mradi ninyamaze.

Kesho ndiyo siku. Nimetulia kabisa.

Ila nimefikiri kidogo. Cheruto anasema mzee aliondoka kwa sababu ya gesi. Hayo ni maneno ya Cheruto. Mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu: fimbo, ng'ombe, kwaheri. Itakuwaje nikifungua mdomo kesho, nao ng'ombe wako pale pale zizini? Mtu mwenye akili haachi tundu.

Nimempigia Kipyegon. Ana lori, na ni jirani. Nikamweleza kwamba kesho alfajiri, mzee akiwa kwenye maombi ya kanisani, apakie wale ng'ombe kimya kimya, awaweke kwake mpaka saa sita hivi. Nikishasema sentensi yangu, awarudishe. Nikasikia sauti kama ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Nadhani alikuwa na kikohozi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema, kijana wangu, nimelipima pande zote. Basi akaniomba nimtumie maneno hayo kwa simu, asije akasahau. Nikamwandikia: Chukua ng'ombe wote wa Mzee Kiprugut kabla hajarudi. Mtu asijue. Ni mimi, Maxwel Makokha.

Akakubali pale pale. Hata mafuta ya lori hakutaka. Nilimdhania vibaya huyu kijana.

Tena nisisahau. Mdomo mtupu, sawa, nimeapa. Lakini mkono mtupu haulambwi, na sitakwenda kwa mkwe kama mwizi. Nimemfungia mzee zawadi: mtungi mpya, jiko lake juu, na utepe mwekundu. Nitauweka katikati ya sebule, nimweleze kidogo jinsi unavyowashwa, na ubaya wa moshi, halafu niingie kwenye sentensi. Safari hii hatakuwa na ng'ombe wa kwenda kuangalia. Atakaa.